Barua ya Madai Imfikiapo Mfanyabiashara Mdogo

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja, mpiga chapa, mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Union



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema juu ya mizani, juu ya miche, na juu ya kinu cha kukoboa, na mambo hayo wanayajua kuliko mimi. Mimi ni mkulima wa miti 300 tu ya kahawa, na kazi yangu ya pili ni kupiga chapa. Wengi wenu mnalijua duka langu lile karibu na kituo cha mabasi. Halmashauri iliponiuliza nitasema juu ya nini, nilijibu kwamba nitasema juu ya barua. Mjumbe mmoja alicheka, kisha akakumbuka ni barua ipi, akaacha kucheka.

Barua yenyewe ilifika mwezi wa Machi mwaka 2021. Haikuletwa na posta, bali ilikuja kwa barua pepe, nakala moja kwangu na nakala nyingine ofisini kwa Union. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa 4, nayo ilitoka kwa kampuni ya ng'ambo ambayo kazi yake ni kuwadaia wapiga picha malipo yao. Ilisema kwamba lebo ya pakiti zetu za kahawa ya kusaga, yaani ile lebo ya kwanza, imebeba picha ambayo mwenyewe hakutupa idhini ya kuitumia. Kwamba picha hiyo imeonekana pia katika ukurasa wa Union kwenye mtandao. Kwamba twatakiwa kulipa dola 1,850 za Kimarekani katika muda wa siku 14. Na kwamba tusipolipa tutashitakiwa mahakamani, ambako fidia yaweza kufika dola 150,000.

Wanachama wa siku nyingi mtaikumbuka picha ile. Ilikuwa mikono miwili imebeba kahawa mbivu, nyekundu kabisa, na nyuma yake kikapu kimejaa. Ilipendeza sana. Siku lebo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, mzee mmoja wa chama cha msingi kilicho juu mlimani aliitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Huyu mchumaji ni wa wapi? Mbona amefunga kikapu kiunoni? Sisi twachumia ndoo na madebe." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Laiti tungalimsikiliza mzee yule! Mikono ile ilikuwa ya mchumaji wa Amerika ya Kati, na picha ilikuwa imetwaliwa mtandaoni na kijana wangu wa kazi, usiku wa kuamkia siku ya kupiga chapa, kwa sababu picha tuliyoipiga wenyewe shambani ilitoka na ukungu. Aliandika neno "kahawa" katika kompyuta, zikatokea picha nyingi, akachagua moja. Hakudhani hata kidogo kwamba anatwaa mali ya mtu. Nami niliyeikagua kazi yake asubuhi, sikumwuliza ameipata wapi.

Sasa yanipasa kusema waziwazi nilivyofanya baada ya kuisoma barua, maana hapo ndipo lilipozaliwa kosa la pili, nalo nadhani lilikuwa baya kuliko la kwanza. Niliifunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Nilijiambia kwamba hao ni matapeli, kama wale wanaotuandikia kila juma kwamba tumeshinda bahati nasibu ya nchi ambazo hatujapata kufika. Siku ya pili nikajiambia jambo jingine: hata kama si matapeli, wako mbali, na hakuna Mzungu atakayepanda ndege kuja kunitafuta mimi karibu na kituo cha mabasi. Siku 14 zikapita. Ikaja barua ya pili, yenye maneno makali zaidi. Kumbe ofisini kwa Union mambo yalikuwa yakienda vivyo hivyo kwa njia nyingine. Karani aliyeipokea nakala yao aliingiwa na hofu, akaifuta picha katika ukurasa, akaifuta na barua yenyewe, asimwambie Meneja. Mimi nilidharau, yeye aliogopa, na mdai kwa upande wake aliona jambo moja tu: kwamba hapati jibu.

Jambo lilifika mbele ya Halmashauri mwezi wa Aprili, wala sitasahau kikao kile. Alisimama Mama mmoja, mjumbe wa chama cha msingi, akauliza, "Dola hizo ni shilingi ngapi, na zitakatwa katika malipo ya pili ya nani?" Mshika hazina akapiga hesabu, akasema ni zaidi ya shilingi milioni 4. Chumba kikawa kimya. Ndugu zangu, mnajua malipo ya pili ni nini. Ni karo ya watoto, ni mabati ya nyumba, na kwa wengine ni deni la dukani la miezi 5. Mjumbe mwingine akasema kwamba picha iliwekwa na mpiga chapa, basi mpiga chapa alipe yote, na kazi ya Union apewe mtu mwingine. Sikuwa na la kumjibu. Tulipoitafuta hati ya mapatano baina yangu na Union, tulikuta karatasi moja ya kuagiza kazi, yenye idadi ya lebo, rangi zake na bei. Habari ya picha haikutajwa hata kwa neno moja.

Mwenyekiti aliamua kwamba kabla ya kugombana sisi kwa sisi twende kwa wakili, na gharama ya wakili ikagawanywa kati yangu na Union. Nasema kwamba hizo ndizo fedha tulizozitumia vizuri kuliko nyingine zote katika shauri hili. Wakili alitusikiliza, akacheka kidogo habari ya kikapu, kisha akatueleza sheria, nami nitaieleza kama nilivyoifahamu.

Katika nchi yetu jambo hili liko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Mtu akipiga picha, akitunga wimbo, akiandika kitabu au akichora mchoro, haki ya kuitoa kazi ile na kuinakili ni yake tangu pale anapoifanya. Halazimiki kuiandikisha mahali popote, wala kuitia alama yoyote. Aweza kuiandikisha katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, iitwayo COSOTA, na afanyapo hivyo hujipatia ushahidi mzuri. Lakini asipoiandikisha haki yake haipotei. Hapo ndipo wengi tunapokosea, maana twadhani kwamba picha isiyo na jina la mtu ni picha isiyo na mtu. Shamba lisilo na ua si shamba lisilo na mwenyewe. Mkiona migomba haina ua hamwingii mkakata mikungu. Tena haki hiyo hudumu kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kuwa mpiga picha ni mgeni hakubadili kitu, kwa kuwa Tanzania iliingia mwaka 1994 katika Mapatano ya Berne, yaliyofanywa huko Uswisi mwaka 1886, na kwa mapatano hayo kazi ya mtu wa nchi mwenzetu hulindwa hapa kama ya mwananchi, na ya kwetu hulindwa kwao.

Kwa hiyo neno letu la kwanza la kujitetea, kwamba picha ilikuwa mtandaoni na kila mtu aiona, lilianguka pale pale. La pili, kwamba hatukujua, halikutuokoa na dai, ingawa wakili alisema kuwa laweza kusaidia katika kupatana juu ya kiasi cha fedha. La tatu lilikuwa la kijana wangu, ambaye alikuwa ameigeuza picha kidogo, akaikata pembeni na kuizidishia wekundu. Wakili alimwuliza, "Ng'ombe wa jirani ukimkata pembe, amekuwa wako?"

Lakini wakili hakutuambia tulipe. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Alisema kwamba barua ya madai ni madai, si hukumu; ni neno la upande mmoja, na kila neno lililomo hupimwa kama kahawa inavyopimwa kwenye mizani, mbele ya macho ya mwenyewe. Akaanza na zile dola 150,000 zilizokuwa zimetunyima usingizi. Alieleza kwamba kiasi hicho chatokana na sheria ya Marekani, ambako mahakama yaweza kumtoza mtu hadi hapo kwa kazi moja ikiwa alivunja haki kwa kusudi. Lakini lebo zetu zilipigwa chapa hapa na pakiti ziliuzwa hapa, na shauri likija katika mahakama za kwetu litapimwa kwa sheria ya kwetu. Kama tungaliuza pakiti zile Marekani, mambo yangalikuwa mengine. Kuhusu ukurasa wa mtandao alikuwa mwangalifu zaidi wa maneno yake, kwa sababu ukurasa huonekana popote duniani.

Hata hivyo hakutaka tujivune. Alitukumbusha kwamba mahakama zetu nazo si za mchezo. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii wawili, AY na Mwana FA, shilingi zaidi ya bilioni 2 kwa kuzitumia nyimbo zao kama miito ya simu pasipo idhini yao. Kampuni ile ilikata rufani, lakini jambo la kukumbuka ni kwamba madai ya namna hii siku hizi yaletwa na watu wa kwetu pia, katika mahakama za kwetu.

Basi tukaanza kazi ambayo ingetupasa kuianza siku ya kwanza. Kwanza tulihifadhi kila kitu: barua zote mbili (ile ya Union tuliipata tena kwa taabu katika kompyuta), lebo 1, tarehe ya kuagiza, tarehe ya kupiga chapa, na hesabu ya lebo zilizotumika. Karani alidhani kwamba kufuta ni kujitakasa. Kuiondoa picha katika ukurasa kulikuwa jambo jema, kwa maana kosa halikuendelea kukua; lakini kuifuta barua kulikuwa sawa na kuchoma stakabadhi. Katika lebo 5,000 nilizopiga, 3,600 zilikuwa zimekwisha kubandikwa, na kati ya pakiti hizo kama 700 zilikuwa bado ghalani au madukani. Lebo 1,400 zilizosalia tulizifungia katika sanduku, na Meneja akatia sahihi juu yake.

Kisha tulitaka kujua huyu anayetuandikia ni nani. Wakili alituonya tusibofye kiungo chochote kilichomo katika barua, wala tusitumie namba ya simu iliyoandikwa humo, bali tuitafute kampuni ile wenyewe kwa njia nyingine. Tuliitafuta, tukaikuta, nayo ni kampuni ya kweli. Lakini kuwa kampuni ya kweli si kuwa na dai la kweli. Mpiga picha ni mtu mmoja, na wakala wake ni mtu mwingine. Yatupasa kuuliza kama yule wa kwanza amempa huyu wa pili mamlaka. Tukaandika barua yetu ya kwanza, siku 40 baada ya ile yao. Meneja ameniruhusu niisome kwa Kiswahili, kwa kuwa wanachama hawakupata kuisikia:

"Mabwana, tumezipokea barua zenu mbili, na twaomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Tumekwisha kuiondoa picha mnayoitaja katika ukurasa wetu, na tumeacha kuitumia katika lebo mpya. Twafanya hivyo kwa nia njema, bila kuathiri haki zetu na bila kukiri madai yenu. Ili tuweze kulichunguza jambo hili, twaomba mtuletee: ushahidi kwamba mteja wenu ndiye mwenye picha, hati inayowapa ninyi mamlaka ya kudai kwa niaba yake, na maelezo ya jinsi mlivyofikia kiasi cha dola 1,850, pamoja na bei ambayo mteja wenu huwatoza watu wengine kwa matumizi kama haya. Tutawajibu katika siku 14 baada ya kuyapata."

Mwaona kwamba hamna matusi ndani yake, wala uongo, wala kilio. Mjumbe mmoja alitaka tuongeze kwamba sisi ni wakulima maskini na kwamba wao ni mabeberu. Wakili alikataa. Alisema umaskini wetu tutautaja wakati wa kupatana bei, kwa tarakimu za mauzo yetu, na mabeberu tuwaache. Alikataa vilevile neno moja langu mimi, maana nilitaka tuandike kwamba picha ile tulipewa na rafiki. Aliniuliza, "Rafiki huyo ataitwa shahidi?" Nikanyamaza.

Jibu lilikuja baada ya juma moja, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Walileta picha yenyewe kamili, kubwa kuliko ile tuliyoitumia, nayo ina sehemu ile ambayo kijana wangu aliikata. Humo mchumaji aonekana uso wake. Walileta hati ya mamlaka iliyotiwa sahihi na mpiga picha. Hapo hatukuwa na shaka tena. Nakiri kwamba nilipomwona yule mchumaji usoni niliona haya. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka kama wachumaji wote wanavyochoka saa za jioni. Sisi tuliuza kahawa yetu kwa mikono yake, naye hatumjui, wala mpiga picha wake hatukumlipa.

Juu ya bei, hata hivyo, walikuwa wamejaza mizani. Katika orodha ya bei waliyotuletea wenyewe, picha ya namna ile kwa lebo ya idadi ndogo, katika nchi moja, kwa mwaka mmoja, haikufika hata robo ya kile walichodai. Kilichobaki walikiita adhabu na gharama. Tuliwaonyesha hesabu: lebo 3,600 zilizotumika, nchi moja, miezi 8. Tukajitolea kulipa dola 200. Wao wakashuka hadi 900. Tukajadiliana kwa barua 3 nyingine, kwa adabu, kama watu wanaouziana mbuzi, na mwisho tukapatana dola 400.

Ila hatukulipa siku ile. Karatasi ya mapatano waliyoileta ilikuwa na jina langu peke yangu. Maana yake, baada ya mimi kulipa, wangaliweza kugeuka na kuidai Union kwa picha ile ile. Wakili akataka majina yote mawili yaandikwe. Iandikwe kwamba madai yote yahusuyo picha hiyo hadi tarehe hiyo yamekwisha. Na kwamba zile pakiti 700 zilizokwisha kufungwa turuhusiwe kuziuza hadi ziishe. Hili la mwisho mimi nisingalilifikiri kamwe, nalo ndilo lililotuokolea fedha nyingi, maana kuzifungua pakiti 700 na kuzifunga upya ni hasara, na kahawa iliyosagwa haingoji. Walikubali yote. Ndipo tukalipa kwa njia ya benki, tukapata stakabadhi. Lebo 1,400 zilizokuwa sandukuni zilichomwa moto mbele ya wajumbe wawili.

Katika dola 400, mimi nilitoa 250 na Union ikatoa 150. Wapo waliosema kwamba Union haikupaswa kutoa hata senti, na maneno yao nayaheshimu. Mwenyekiti alijibu kwamba lebo ilipitishwa na Halmashauri, na kwamba ukurasa wa mtandao ulikuwa wa Union yenyewe. Naliacha jambo hilo hapo, kwa kuwa mimi si mtu wa kuliamua.

Nimesema maneno mengi juu ya barua ya kweli, nami sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba kila barua ni ya kweli. Mwaka 2022 ofisi ya Union ilipata barua nyingine, fupi, yenye haraka nyingi, ikidai kwamba tumeiba picha na kwamba ushahidi uko katika kiungo kilicho chini. Karani yule yule, ambaye sasa alikuwa amejifunza, hakukibofya. Aliipeleka kwa Meneja. Barua ilikuwa haitaji ni picha ipi, haina jina la mpiga picha, na katika ukurasa wetu siku zile palikuwa na picha moja tu, ya ghala letu, aliyoipiga karani mwenyewe kwa simu yake. Ilikuwa mtego, viungo vya namna hiyo huingiza katika kompyuta programu mbaya za kuiba siri na kuharibu hesabu. Waliipa namba, wakaiweka katika faili, hawakujibu.

Na kati ya barua ya kweli na ya uongo iko ya tatu, ile iliyotumwa na kampuni ya kweli kwa kukosea. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Bibi Carol Highsmith, alikuwa amezitoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi yake ili watu wote wazitumie bure. Mwezi wa Desemba 2015 aliandikiwa barua ya kumdai dola 120 kwa kuitumia mtandaoni picha ambayo ameipiga yeye mwenyewe. Alikasirika, na mwaka 2016 akaishitaki kampuni kubwa ya kuuza picha, akidai dola zaidi ya bilioni 1. Mahakama iliyaondoa madai yake yaliyotegemea sheria ya hakimiliki, na yaliyobaki yakamalizwa kwa mapatano. Nawapa habari hii ili mjue kwamba hata mwenye mali aweza kudaiwa mali yake, na kwamba yule asiyeuliza "nionyeshe hati yako" hulipa hata asichodaiwa.

Mtaniuliza: je, twawezaje kupata picha pasipo kugombana na mtu? Njia ziko. Wapo wapiga picha wanaoziweka picha zao mtandaoni kwa masharti, hasa sharti kwamba jina lao liandikwe. Ukilishika sharti umepona, ukilisahau umerudi pale pale nilipokuwa mimi. Ziko za kununua, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kwa wakili. Bora kupita zote ni kupiga zetu wenyewe. Muziki nao uko katika sheria hiyo hiyo, maana kuupiga mbele ya umma katika biashara au katika sherehe kwahitaji kibali. Ninyi mliocheza asubuhi ya leo msiwe na wasiwasi, Katibu amenionyesha kibali kabla sijapanda jukwaani.

Tangu mwaka ule karatasi ya kuagizia kazi dukani kwangu ina mistari miwili mipya. Mmoja wauliza picha na maandishi yametoka kwa nani, na idhini iko wapi. Wa pili wasema ni nani atakayejibu ikiwa dai litakuja. Wateja wengine huona ni usumbufu. Mmoja, mwenye hoteli, aliichukua kazi yake akaipeleka kwingine. Union kwa upande wake ina daftari la picha, linalotunzwa na karani, na barua yoyote ya madai hupewa namba na kufikishwa kwa Meneja siku ile ile.

Na lebo mnayoiona leo juu ya pakiti zilizo mbele yenu ni ya mikono mingine. Tuliipiga mwezi wa Agosti 2021, kwa kamera ya kuazima, shambani kwa Bibi mmoja mwanachama wa chama cha msingi kilicho juu mlimani, naye yupo hapa, ameketi mstari wa tatu. Kijana wangu ndiye aliyepiga, yule yule. Nyuma ya mikono pana ndoo, wala si kikapu. Kabla ya kupiga tulimsomea Bibi karatasi ya idhini neno kwa neno, naye alituliza mara mbili tuisome tena, akataka tuongeze kwamba picha isitumiwe kuuzia pombe. Tukaongeza. Akatia dole gumba, akapewa ujira wake mbele ya mashahidi, na nakala moja akaifunga katika kanga akaenda nayo. Kijana naye alitia sahihi karatasi yake, ya kuiachia Union haki ya kuitumia picha ile katika lebo. Karatasi zote mbili zimo katika daftari, na mwanachama yeyote apendaye kuziona na amwombe karani baada ya chakula.